Neno Nililobadilisha Kwenye Barua ya Wazazi

Mama yangu alishika shule kwa zaidi ya miaka mitatu bila mtu yeyote kumpa shule hiyo. Nasema "alishika" kwa sababu ndilo neno aliloambiwa. Mwalimu mkuu aliyekuwepo hakufika kazini Jumatatu moja, wala Jumanne, na ilipofika Ijumaa tukasikia ameonekana Kariakoo akipanga mitumba juu ya turubai, amekonda kidogo lakini anacheka, na hana mpango wa kurudi. Miaka ile haikuwa habari ya kushangaza. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na watu wa serikali waliokuwa wakiheshimiwa kwa suti zao za Kaunda walianza kuonekana sokoni wamekunja mikono ya mashati.

Afisa elimu alikuja na pikipiki. Mama alituambia hakuzima hata injini.

"Mama, wewe ndiye mkongwe hapa," alimwambia. "Shikilia kwanza, tutakuleteeni mtu."

Jioni ile mama alirudi nyumbani na fungu la funguo amelifunga kwenye leso, akaliweka mezani kama kitu alichokiokota njiani na hajui mwenyewe ni nani. Baba alikuwa uani akipiga randa ubao. Zamani alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo, na tangu kiwanda kilipopunguza watu alikuwa akitengeneza vigoda na mabanda ya kuku pale pale nyumbani. Aliingia ndani, akazitazama zile funguo.

"Wamekupa barua?"

"Hapana. Wameniambia nishike."

"Basi hukaimu," baba alisema. "Anayekaimu ana barua. Wewe una funguo tu."

Mama alicheka, akaenda kuinjika maji. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi na mbili, na ndiyo mara ya kwanza nikajua kwamba mtu anaweza kuwa kwenye kazi kwa njia zaidi ya moja, na kwamba kila njia ina neno lake, na watu wazima wanayajua maneno hayo kwa uchungu.

Tulikaa Mbagala, ndani kidogo kutoka barabara ya Kilwa. Wazazi wangu walikuwa watu wa Singida walioletwa na kazi. Majirani zetu wengi walikuwa wenyeji wa pwani, waliozaliwa pale kabla hapajawa mji, na mwanzoni walimwita mama "yule mwalimu wa bara." Baada ya mwaka mmoja wa kushika kwake shule walimwita "mwalimu wetu." Sikumbuki ni lini hasa walibadilisha. Labda ni baada ya masika ambayo vyoo vya shule vilititia, na mama akapita nyumba kwa nyumba, viatu mkononi, akiomba kila nyumba itoe mtu mmoja wa kuchimba. Naye alichimba. Watu walikuwa hawajawahi kumwona mwalimu mkuu ndani ya shimo.

Lakini hakuwa mwalimu mkuu, na mwenyewe hakuruhusu mtu amwite hivyo. Ofisini alikaa kwenye kiti cha pembeni, kile cha wageni. Kiti kilicho nyuma ya meza alikiwekea madaftari. Na kila barua aliyoandika aliitia sahihi juu ya herufi tatu, "kny," yaani kwa niaba ya, kisha chini yake "Mwalimu Mkuu." Miaka mitatu alitia sahihi kwa niaba ya mtu ambaye hayupo. Nilimuuliza siku moja haoni ni kichekesho. Akaniambia, "Karatasi lazima isome ukweli." Basi, akaendelea kusahihisha hesabu za watoto wake wa darasa la kwanza, maana hata darasa lenyewe hakuliacha.

Aliyelianzisha jambo la barua alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, bibi mmoja mnene mwenye sauti, ambaye sie watoto tulimwita Bibi Balozi. Yeye mwenyewe alikuwa na hadithi yake ya namna alivyoupata ubalozi, na aliirudia kila alipopata msikilizaji mpya. "Mie sikuchaguliwa wala sikuteuliwa," alikuwa akisema. "Tulikuwa mkutanoni hapo uani kwangu, nikakumbuka wali wangu uko jikoni. Nikasimama niende kuutazama. Wakasema, huyo kasimama! Wakapiga makofi. Wali ukaungua na ubalozi nikapata." Wajukuu zake walinieleza kwamba si kweli, kwamba aliutaka ubalozi ule na aliupigania. Kwa namna yoyote, aliufanya kwa miaka mingi na hakuna aliyethubutu kusema hafai.

Wakati nasoma kidato cha pili, Bibi Balozi aliita wazazi Jumamosi moja mchana, kwenye darasa la saba. Mama hakwenda. Alisema si adabu mtu kukaa akisikiliza watu wakimjadili, akabaki nyumbani anafua. Mimi nilipelekwa kuwa mwandishi, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na nilikuwa nikisifiwa shuleni kwa insha zangu za Kiswahili. Nilikaa mbele na daftari langu, nikiwatazama watu wazima waliojibana kwenye madawati ya watoto, magoti yao yamepanda hadi kifuani.

Wote walikubaliana kwamba ofisi ya elimu iandikiwe, mama apewe shule kwa barua. Ugomvi ulikuwa juu ya neno.

"Andika, sisi wazazi tumemchagua mwalimu wetu," alisema mmoja nyuma. "Si vyama vingi vimekuja? Siku hizi watu wanachagua."

Mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa mahakama, mtu mwembamba aliyevaa koti hata wakati wa joto, alinyanyua kidole. "Mwalimu mkuu hachaguliwi. Mwenyekiti anachaguliwa, mbunge anachaguliwa. Mwalimu mkuu anateuliwa."

"Basi andika tunamteua."

"Huwezi kumteua. Anayeteua ni yule mwenye mamlaka, na akiteua hakuulizi. Sie tulio chini tunapendekeza. Tukishapendekeza, tunanyamaza tunangoja."

Bibi Balozi alikunja uso. "Pendekeza! Neno gani hilo? Kama mtu anaomba chumvi dirishani. Mie nasema andika tunamtaka."

"Tunamtaka ni lugha ya posa, bibi," mzee alisema, na darasa zima likaangua kicheko, Bibi Balozi naye akacheka mpaka akafuta macho na upindo wa kanga.

Ndipo baba alipozungumza. Baba hakuwa mtu wa mikutano. Alisimama, mikono nyuma.

"Mimi hilo neno la kuchagua silipendi," alisema. "Kule kiwandani walikuja asubuhi na karatasi, wakatuambia wakubwa wamechagua watu. Tukafurahi. Tulidhani ni watu wa kupandishwa. Wakaanza kusoma majina, na mimi nilikuwa wa nne. Nilipiga hatua mbele kabisa, natabasamu. Ilikuwa orodha ya wanaopunguzwa. Kwa hiyo andikeni mnavyotaka, lakini msinichagulie mke wangu."

Sikuwa nimewahi kuisikia habari hiyo. Nilijua baba alipunguzwa kazi, sikujua alitabasamu. Niliinamisha kichwa nikajifanya naandika.

"Haya," Bibi Balozi alisema taratibu. "Andika pendekeza, mjukuu wangu. Mzee anajua mambo ya ofisi."

Niliandika: "Sisi wazazi tunapendekeza kwa heshima." Watu wakapita mbele mmoja mmoja kuweka sahihi kwenye karatasi ya pili, na wasiojua kuandika wakabonyeza dole gumba. Karatasi ya kwanza nilipewa niende nayo nyumbani, niinakili kwa usafi, nimpelekee Bibi Balozi agonge mhuri.

Kesho yake, tulipotoka kanisani, nilikaa barazani kuinakili. Redio ya jirani ilikuwa ikisoma taarifa ya habari ya mchana. Kipindi kile nafasi zilikuwa zikibadilika kila mara, na sauti ya msomaji ilikuwa nzito na yenye kujiamini: Rais amemteua fulani kuwa mkurugenzi, Rais amemteua fulani kuwa balozi katika nchi fulani. Nililipenda neno lile tangu nilipokuwa mdogo. Kanisani tulikuwa tunaimba wateule. Kuteua kulionekana kwangu ni kumtazama mtu mmoja katikati ya umati na kumjua. Nikatazama nilichoandika, tunapendekeza, nikaona Bibi Balozi alisema kweli: ni neno linaloomba chumvi dirishani. Nikamfikiria mama kwenye kiti cha wageni.

Nikaandika: "Sisi wazazi wa shule hii tumemteua mwalimu wetu kuwa Mwalimu Mkuu."

Nilijisikia kama nimempa mama zawadi. Bibi Balozi alikuwa hajui kusoma, akagonga mhuri wake juu, akaniambia nina mwandiko kama nakshi za mlango. Yule mzee wa mahakama, ambaye ndiye aliyepaswa kuisoma kabla haijapelekwa, alikuwa amepata msiba Rufiji na hakuwepo. Barua ikaenda.

Baada ya wiki mbili au tatu, afisa elimu aliwaita wazazi. Safari hii aliizima pikipiki. Ilikuwa likizo, kwa hiyo nilikuwepo, nimekaa karibu na Bibi Balozi. Mama alisimama kando ya ubao pamoja na walimu wenzake. Afisa alitoa barua mfukoni, akaikunjua, akaisoma mwanzo hadi mwisho kwa sauti ya kawaida, mpaka alipofika kwenye lile neno.

"Tu-me-m-te-ua," alisoma, akilikatakata. Akainua macho. "Nani hapa ana mamlaka ya kuteua?"

Akafunua karatasi ya pili, akazitazama sahihi.

"Nauliza kwa sababu nataka kujua. Labda serikali imehamia Mbagala na mimi sijaambiwa. Vyama vingi vimekuja, sawa, lakini havikuja kuwapa nyie shule. Nani aliyeandika hivi?"

Mzee wa mahakama alisimama nusu. "Mheshimiwa, sivyo tulivyokubaliana. Sie tulisema..." Akanitazama. Alikuwa mtu mwema, hakuendelea. Lakini aliketi taratibu sana, na watu waliokuwa karibu naye wakaanza kunigeukia.

Mama aliomba barua. Afisa akampa. Aliitazama, na mimi niliona anaitazama si kwa kuisoma. Alikuwa anautazama mwandiko alionifundisha yeye mwenyewe, ile "t" yenye mkia. Alikuwa hajainua uso wakati Bibi Balozi aliposimama, dawati likalia chini yake.

"Mie ndo nilisema iandikwe hivyo," alisema. "Huyu mtoto aliandika alichoambiwa na mtu mzima. Kusoma sijui, lakini mdomo ninao. Kama ni kosa, kosa langu, baba, na mie nishazeeka, sijui utanifanya nini."

Afisa alimtazama yule bibi kwa muda. Hakuwa mtu mkatili, nadhani. Alikuwa mtu aliyekuja na hotuba yake na sasa haina pa kwenda. Akakohoa, akasema wazee wetu wanapaswa kutuongoza kwa busara, akasema ofisi inatambua kazi ya mama, na kwamba mwalimu mkuu ameshateuliwa na ataripoti mwezi unaokuja. Akawasha pikipiki.

Tulipotoka nilimfuata Bibi Balozi. "Bibi, kwa nini umesema uongo?"

"Uongo gani? Si mie nilisema tunamtaka?" Akanishika shingo kwa kiganja chake kizito. "Nenda kamsaidie mama yako kuteka maji. Na usitembee umeinama, utaonekana una kosa."

Mama hakusema neno. Jioni ile hakusema, wala kesho yake. Nilingoja kofi, nilingoja hata swali. Alikula, akaosha vyombo, akaniuliza kama nimemaliza kazi ya likizo ya Historia. Baba naye hakusema, ila mara mbili nilimkuta ananitazama juu ya randa yake kama anataka kuanza.

Mwalimu mkuu mpya alikuwa mwanamke kutoka Mwananyamala, mdogo kuliko mama kwa miaka zaidi ya kumi. Siku ya makabidhiano nilikwenda kuchukua kikapu cha mama, nikawaona kupitia dirishani. Yule mgeni alipiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mwalimu," na mama akaitika, "Marahaba, mwalimu mkuu," bila kusita. Akaondoa madaftari yake kwenye kile kiti cha nyuma ya meza, akakipangusa kwa upande wa mkono, akamkaribisha aketi. Walizungumza muda mrefu, wameinamia karatasi. Kisha mama akatoka, akanipa kikapu, tukarudi nyumbani tunazungumza juu ya bei ya nyanya.

Alirudi kwenye darasa la kwanza na akabaki humo mpaka alipostaafu. Yule mwalimu mkuu alimheshimu, na mama alimsaidia kwa moyo mmoja, nakumbuka hata alimfundisha ni nyumba zipi za kuanzia unapotafuta watu wa kuchimba. Majirani walizoea. Mimi sikuzoea. Kila nilipoandika insha nilikuwa naogopa vitenzi. Niliamini, kwa uhakika wa mtoto wa umri ule, kwamba nimemnyima mama yangu shule kwa neno moja, na kwamba yeye anajua, na kwamba kunyamaza kwake ndiyo adhabu.

Nilipomaliza shule nilipata kazi ya uchapaji katika masjala ya ofisi moja ya umma mjini. Kazi yenyewe ilikuwa kuchapa barua, na nyingi zilikuwa barua za watu kupewa nafasi. Humo ndimo nilimosoma vile vitenzi kwa macho ya kazi. Umeteuliwa. Umethibitishwa. Unakaimishwa. Unahamishwa, ambalo pia ni aina ya kuchaguliwa, maana kuna mtu alikaa akaamua ni wewe. Nilijifunza pia kwamba barua hizi hazizaliwi kwa siku moja. Jina linapendekezwa na mtu fulani, linapita meza hii na ile, linakaa, linasahaulika, linakumbukwa. Kutoka jina kutajwa hadi barua kumfikia mwenyewe ilikuwa miezi mingi.

Ilinichukua muda kupiga hesabu hiyo kwa zile wiki mbili tatu za Mbagala, au kuithubutu. Jumapili moja nilikwenda Mbagala kuwaona. Mama alikuwa uani anapeta mchele. Nikakaa kwenye kigoda, nikamuuliza kama anakumbuka barua ile ya wazazi.

"Nakumbuka."

"Unajua ni mimi niliyebadilisha neno?"

"Nilijua pale pale. Mwandiko wako nisiujue?"

"Ndilo lililokunyima shule?"

Aliendelea kupeta. "Yule mwenzangu alipokuja, alinionyesha barua yake. Tarehe ilikuwa ya kabla ya nyie kukaa kwenye yale madawati. Alikuwa ameshateuliwa, mlichokuwa mkigombea ni maneno tu."

Hasira ikanipanda. "Na ukaniacha miaka yote hii? Mama, mie nilikuwa nikilala na jambo hilo. Nilikuwa nikiamka nalo."

"Hukuniambia."

"Ungeniambia wewe!"

Aliweka ungo chini. "Mwanzoni nilikasirika. Watu walikuamini na sahihi zao, watu wa dole gumba, ukawaandikia wasichosema. Nikasema acha toto lisumbuke kidogo, litajifunza. Kisha siku zikapita, na wewe ukawa huzungumzi, nami nikadhani umesahau." Akachambua punje moja nyeusi, akaitupia kuku. "Hapo nilikosea. Ningekwambia."

Hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa watoto wake, na sikujua niitikie vipi. Nikasema tu, "Sawa, mama."

"Lakini nikwambie jingine," akasema. "Afisa aliponipa ile karatasi, nililisoma lile neno, tumemteua, na majina yote yale kwenye karatasi ya nyuma. Nikalipenda. Nimesimama pale na aibu, watu wananitazama, na moyoni nimelipenda."

"Kumbe uliitaka ile kazi?"

"Niliitaka, ndiyo. Niliitaka sana."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja umri wake. Miaka yote ile ya kiti cha pembeni, tulikuwa tumekubaliana nyumbani, bila kuulizana, kwamba mama hana haja ya vyeo, kwamba yeye ni wa darasa la kwanza na chaki. Ilikuwa rahisi kwetu kuamini hivyo. Baba alikuwa amesikia kutoka ndani. Nilimwona amesimama mlangoni na kipande cha ubao mkononi, na uso wake ulionyesha kwamba hata yeye hakuwahi kuambiwa.

Alikuja akakaa chini karibu na mama, kwenye mkeka, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo mchana. Akavuta sehemu ya mchele upande wake, akaanza kuchambua naye.